Mafiga Yangu Yenye Namba

Jamani, mkasa huu nimeuficha kwa miaka, na ningeendelea kuuficha kama Mzee Komba asingekuwa anausimulia kila anapopata wasikilizaji, tena anausimulia vibaya, anasema nililia. Moshi ulikuwa mwingi siku ile. Bora niuseme mwenyewe, mnicheke mara moja tuyamalize.

Ilikuwa ile miaka ruksa imeingia, maduka yameanza kujaa tena, mtu ananunua sabuni bila foleni mpaka anageuka nyuma kuangalia kama kuna anayemfuata, na mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Mbaga, kule mlimani, kuja Same mjini kuuza makande chini ya turubai kando ya barabara kuu. Mume wangu alibaki juu na ng'ombe wake na wasiwasi wake. Makande yangu yalipendwa (sijisifu, waulizeni madereva wa malori), na baada ya kuhangaika sana nikapata kiwanja pale pale, nijenge hoteli ya chakula yenye kuta na bati. Sharti lilikuwa kwamba nisipopata kibali cha ujenzi na kuanza msingi kabla ya mvua za vuli, kiwanja kinarudi halmashauri, anapewa mwingine. Na hao wengine walikuwepo, jioni walikuwa wanapita wanakikagua kama ng'ombe wa mnadani.

Kibali chenyewe kilinizungusha. Ramani ya kwanza ilirudishwa kwa sababu fundi alisahau choo, ya pili choo kilikuwepo lakini mlango wake unafungukia jikoni, bwana afya akaitazama muda mrefu halafu akanitazama mimi. Ya tatu ikapita. Kikawa kimebaki kitu kimoja tu, Bwana Ardhi wa wilaya aje kiwanjani ahakikishe bikoni zote nne, alama za mpaka, ziko kwenye pembe zake, kisha apige muhuri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Kiwanja nilipoonyeshwa kilikuwa kichaka, na aliyenionyesha alisimama barabarani akapunga mkono kuelekea kule na kule (alikuwa na viatu vipya). Bikoni sikuwahi kuiona maishani mwangu. Niliwahi kuwaona wapimaji wakiwa na yale mafimbo marefu ya rangi nyekundu na nyeupe, nikajua bikoni ndiyo hayo, yataletwa wakati wake. Kwetu mlimani mpaka ni masale, ile mimea ya majani marefu, na sale likishapandwa mpakani hata mlevi analipita kwa adabu. Kwa hiyo nikafyeka, nikaanza kupanda masale yangu kila pembe, na kila pembe nikawa nakutana na kipande cha zege kimechimbiwa ardhini, mahali pale pale ninapotaka kupanda, kinanizuia. Vipande vinene, vyote kimo kimoja. Mnaokumbuka jinsi sementi ilivyokuwa ikitafutwa kwa kujuana mtanielewa. Nikasema kuna mkandarasi amesahau mali yake hapa. Niling'oa vitatu, maana mafiga ni matatu, cha nne nikakiacha nikamfungia beberu wangu.

Mafiga yale, jamani, sijapata kuona. Chungu kikubwa cha makande kinatulia hapo kutoka asubuhi mpaka mahindi yaive, hakiyumbi wala jiwe halipasuki. Nilikuwa nayasifia kwa wateja.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa huyo Mzee Komba, mtu wa Songea aliyekuja zamani kukata mkonge, kazi za shambani zilipodorora akahamia mjini kutengeneza baiskeli. Mtu mpole, mwenye maneno machache. Siku moja nikakuta sale langu la mpakani halipo, nikalitafuta, nikaliona limepandwa kwenye debe mlangoni kwake, limemwagiliwa. Akaniambia, "Nimeliona ua zuri halina mwenyewe, mama." Ua! Mimi nikajua tayari anasogeza mpaka. Kuanzia hapo shikamoo nilimpa nikiwa nimeangalia pembeni, maana mtu mzima huwezi kumnyima shikamoo, lakini hakuna anayekulazimisha umwangalie.

Siku ya Bwana Ardhi ikafika. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni, ramani chini ya kwapa, amekuja juani saa za watu kungoja chakula, kwa hiyo mabenchi yangu yamejaa, na benchi la mbele amekaa balozi wetu wa nyumba kumi na sahani yake mapajani. Kijana akazunguka pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, anainama, anapekua majani kwa kiatu. Pembe ya nne hakufika, beberu wangu alikuwa hapendi watu wa ofisini.

Akarudi anajifuta jasho. "Mama, bikoni sizioni."

"Kwani hukuja nazo?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Bikoni zilishawekwa, mama, kiwanja kilipopimwa. Naona majani tu yamepandwa. Mtu amezing'oa, na hilo ni kosa kisheria. Bila bikoni mimi sipigi muhuri, itabidi kiwanja kipangiwe kupimwa upya, na sijui ni lini."

Vuli ilikuwa karibu, mawingu yameshaanza kukaa juu ya mlima, nikaona hoteli yangu inaondoka, kuta na bati na choo kisichofungukia jikoni. Hapo ningenyamaza. Ningesema tu sijui, ingekuwa kweli tupu. Lakini mdomo wangu ukatangulia, mbele ya mabenchi yote: "Muulizeni Mzee Komba. Huyo ana tabia ya kung'oa vya mpakani, na ushahidi uko mlangoni kwake kwenye debe."

Balozi akaweka sahani chini, na kwa mtu yule kuweka sahani chini lilikuwa jambo kubwa. Mzee Komba akaitwa, akaja na mikono ya grisi, akaulizwa, akasema yeye aling'oa ua, kama linatakiwa atalirudisha. Nikasema mtu anayeng'oa sale atashindwaje kung'oa bikoni. Watu wakaenda kwake kupekua, wakainua mabati ya zamani, wakaangalia nyuma ya choo, mmoja akaomba aangalie uvunguni mwa kitanda na mzee akamfungulia mlango mwenyewe. Hawakupata kitu. Balozi akasema basi litaenda ngazi za juu.

Mzee Komba akanigeukia mimi, sauti ya chini tu. "Mwanangu, nimekaa nchi hii ya kwenu tangu kijana. Njaa nimelala nayo hapa. Mwizi sijaitwa."

Hilo neno lilinichoma. Lakini nilikuwa nimeshapanda juu mno, kushuka sijui, nikajifanya nachochea kuni.

Bwana Ardhi kumbe alikuwa na kiu ya sigara na hana kiberiti. Akaja jikoni kwangu, akainama kuchukua kijinga cha moto, na akakaa vile vile ameinama, sigara mdomoni haijawaka.

"Mama," akasema, "haya mafiga umeyatoa wapi?"

Nanyi mnajua ninavyoyapenda. "Nimeyaokota hapa hapa kiwanjani," nikamjibu, "na ni mazuri, si kama mawe ya mlimani, hayo hayapasuki. Kama unalitaka lipo moja limebaki, nimemfungia mbuzi pale."

Akapangusa masizi kwa kidole. Katikati ya zege pakatokea chuma, na kando ya chuma namba. Akafungua ramani yake, akasoma namba ya kwenye ramani, akasoma ya kwenye figa. Akazunguka chungu, akapangusa la pili, akasoma. Mimi bado sijaelewa, jamani, nikamwambia, "Angalia usiungue."

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, turubai likainama, na wenzake wakapokea. Mtu akatoka ng'ambo ya barabara kuja kuuliza kuna nini, akaambiwa kiwanja cha mama kiko jikoni kinapika.

Bwana Ardhi akaamuru chungu kishushwe, mali ya serikali itolewe motoni mara moja. Hapo wateja wakaacha kucheka. Makande yalikuwa bado magumu, na mtu aliyengoja makande tangu saa nne hana habari na serikali. Wakamgeukia balozi, balozi akatazama sahani yake tupu, akafikiri, akatoa uamuzi kwamba bikoni zilishakaa motoni miezi, hazitadhurika zaidi kwa saa moja. Kwa hiyo afisa wa wilaya akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko langu, anazilinda, na kila nilipochochea kuni ananiambia, "Taratibu, mama."

Mzee Komba alikuwa bado amesimama. Akaviangalia vile vipande, akaniangalia, akasema, "Mimi niling'oa ua. Mwenzangu umeng'oa halmashauri."

Wakacheka tena. Mimi nikaweka mwiko chini, nikaenda mbele yake, nikapiga magoti kwenye vumbi lile watu wote wanaona, na safari hii nikamwangalia usoni. "Shikamoo, mzee. Nimekukosea."

Akafuta grisi ya mikononi kwanza. Mnajua shikamoo isiyoitikiwa hadharani inavyokaa shingoni mwa mtu. Halafu akasema, "Nitaitikia nikishakula."

Basi nikabaki na deni hilo mpaka makande yakaiva. Nikampakulia yeye wa kwanza, kabla ya balozi, na akala taratibu, mtu hana haraka hata kidogo, akasafisha sahani kwa kidole, akanirudishia, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu."

Aliyeniokolea kiwanja ni beberu. Kipande cha nne nilichomfungia kilikuwa hakijatikisika, mpimaji akaletwa akaanzia hapo, akarudisha yale matatu mahali pake yakiwa meusi tii, na nikaapishwa mbele ya balozi kwamba sitayagusa tena. Muhuri ukapigwa, msingi tukauchimba, mvua ya kwanza ikatukuta tumeshafika usawa wa goti. Masale yangu yapo pia, na lile moja Mzee Komba alilirudisha mwenyewe mpakani, kalipanda upande upande. Sijalinyoosha.

Tangu siku ile napikia jiko la mkaa, na nikiokota kitu chochote, hata kiwe kizuri vipi, nakigeuza kwanza nione kama kina namba. Mzee Komba naye hali makande kwangu mpaka ainame achungulie chini ya chungu. Na akija mgeni akauliza mbona bikoni za hapa zimeungua, anavuta kigoda, anaanza kusimulia, mpaka anafika pale anaposema nililia.

Haya, nililia. Lakini ni pale alipoitikia marahaba, si kabla.