Kicheko cha Kivukoni

Zamani, kabla daraja halijajengwa, tukingoja feri Kilifi, lori kuukuu lililojaa nazi lilisogea kwenye foleni likigonga ko, ko, upande wa mbele. Abiria mwenzangu, fundi wa magari kutoka bara, akamwendea dereva, mzee wa Takaungu.

"Shikamoo, mzee. Usukani wako haujalegea?"

"Marahaba. Nauzungusha sana kabla magurudumu hayajageuka."

Fundi akajilaza chini ya lori, akashika kiungo cha gurudumu, akamwomba mzee atikise usukani kushoto na kulia. Ko, ko. Akatoka akipangusa kiganja.

"Kiungo kimelika, mzee. Nakisikia kikigonga mkononi. Kikichomoka, gurudumu litakwenda litakako. Usivuke nalo."

"Mwanangu, hata mke wangu hugomba kutwa, na nyumba yasimama."

Foleni nzima ikaangua kicheko, nami nikiwemo. Fundi akainamisha kichwa, akarudi kwenye mzigo wake. Feri ikaja, tukavuka.

Alasiri ya siku hiyo, nikirudi kutoka Malindi, nililikuta lori limelala ubavu kwenye mikorosho, nazi zimetapakaa. Mzee alikuwa ameketi kando, mguu umefungwa kwa leso, akingoja gari la kumpeleka hospitali. Nikampa pole.

"Nilitaka kumuuliza yule kijana kiungo kipya nitakipata wapi," akasema polepole. "Mkacheka, nikaona haya."

Mimi hujisifu kwamba kazi yangu ni kuwachekesha watu. Nikainama, nikaanza kumwokotea nazi zake.