Rangi ya Daraja la Baba

Katika ofisi ya mipango ya barabara ya manispaa walimwita Mama Rangi, na jina lenyewe alijitakia. Kompyuta zilikuwepo, tena mpya, lakini yeye hakuamini mpango wowote mpaka autandaze mezani kwenye karatasi pana na kuupaka kwa penseli zake. Daraja zima lilipata kijani. La kukarabatiwa, njano. La kubomolewa na kujengwa upya, nyekundu. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe keshampaka njano, naye hakukanusha.

Mji wenyewe ulikuwa umenenepa huku bado umevaa nguo za utotoni. Palipokuwa mashamba sasa palikuwa na maghorofa, lakini barabara zilikuwa zile zile za magari kupishana kwa kubembelezana. Kila alipokwenda kupima alizungukwa na watu: huyu mwenye duka anataka lami ipite mlangoni kwake, yule jirani anataka ipite mbali na ukuta wake. Mama Rangi alirudi ofisini akicheka. "Kila mwamba ngozi huvutia kwake," alisema, akaketi kana kwamba yeye hana ngozi ya kuvuta.

Alikuwa nayo. Ilikuwa daraja la mawe juu ya mto unaougawa mji, na aliyelijenga, pamoja na mafundi wenzake ambao wote walikwisha kutangulia, ni baba yake. Zamani, mzee alipokuwa akimpeleka shule, kila walipofika katikati aliupiga ukuta wa pembeni kwa kiganja, taratibu. Mtoto akajua baba analisalimia daraja lake. Mpaka uzeeni hakuacha kulipiga lile kofi, na mtaani wakamwita Mzee Daraja.

Mawe yalikuwa bado imara, lakini daraja lilikuwa jembamba, la gari moja tu, halina njia ya waendao kwa miguu. Lori likiingia, watu walijibanza ukutani na kuvuta tumbo ndani. Mama Rangi aliyajua hayo yote. Alishika penseli nyekundu, akairudisha mezani, akashika ya njano. Alijiambia kwamba likizibwa nyufa litadumu miaka kidogo, mpaka mzee awe hayupo kuliona likibomolewa. Wazo hilo lilimtia aibu, lakini penseli ilikuwa imeshapita.

Desturi ya ofisi ni kwamba kabla mpango haujafika kwa madiwani, ramani hutundikwa ukumbini ili wananchi waje waone na waseme yao. Asubuhi ile walikuja wengi, na nyuma yao akaingia mzee mmoja aliyevaa koti lililopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Mama Rangi alimtambua mara moja. Baba yake hakuwa amemwambia kuwa atakuja.

Mzee aliufuata mto kwa kidole mpaka akalifikia daraja lake.

"Hii njano maana yake nini, mama?" Alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

"Litakarabatiwa, baba. Tutaziba nyufa, tutaweka na taa."

"Halafu?"

"Halafu litaendelea kutumika."

"Nani kasema liendelee?"

Angeweza kuisingizia kamati. Kamati zimeumbwa kwa kazi hiyo. Lakini kumdanganya baba yake uso kwa uso hakuweza.

"Ni mimi. Ni daraja lako, baba. Nilikuonea huruma."

Mzee alivua kofia, akaigeuzageuza mkononi. "Koti hili nimelivaa nije nione nyekundu," alisema. "Juzi tulibanwa pale mimi na mke wa jirani, ana mtoto mgongoni. Lori limetupitia, kioo chake kikaniangusha kofia. Sikukuambia. Nilisema moyoni, mwanangu yuko ofisini, hilo anajua la kulifanya."

Machozi yalimlenga Mama Rangi. "Lakini kila ukipita unalisalimia."

"Zamani nilikuwa nalisalimia. Siku hizi naliomba lisije likaua mtu na mimi ningali hai."

Mama Rangi aliishusha ramani, akaitandaza mezani mbele ya watu, akampa baba yake penseli nyekundu. Mzee aliinama akapaka polepole, kwa mkono uliozoea mwiko wa uashi, si penseli. Rangi ilitoka kama ya chungwa.

"Njano yako bado inaonekana," alisema.

"Kandamiza, baba."

Akakandamiza mpaka njano ikapotea, kisha akavaa kofia yake na kuuliza kama pana kiti.

Jioni walirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Walikuwa katikati ya daraja lori lilipoingia, wakajibanza ukutani, baba na mwana, tumbo ndani, mpaka likapita. Mzee alijifuta vumbi, akaendelea na safari yake. Mama Rangi ndiye aliyebaki nyuma kidogo, akanyoosha kiganja na kuupiga ukuta, taratibu, kama unavyompiga begani mtu unayemwomba avumilie kidogo tu.