Mahari pa Kuvuka

Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 1992, siku ya Jumanne, asubuhi watoto wakienda shule, nilimpoteza mke wangu kwenye barabara inayoshuka kutoka Gitega, hapa Kigali, kwenda bondeni. Lori la matofali lilimgonga. Kitambaa chake cha kuvushia watoto kilikuwa mkononi. Alikuwa amesimama mbele ya geti la shule, pale alipokuwa akisimama kila asubuhi, na hilo nataka liandikwe kabla ya mengine yote: alikuwa mahali pake.

Miaka miwili baadaye yalitokea yale ambayo kila mtu anayajua, na wengi niliowafahamu hawapo. Hayo siyaandiki hapa, sina nguvu nayo. Naandika kifo kimoja, kwa sababu kilifunikwa mara mbili, na mara ya kwanza kilifunikwa na mtu niliyekula naye.

Nilikuwa fundi baiskeli. Nilifanya kazi kwenye kibaraza cha duka la sabuni na chumvi, na hapo ndipo chama chetu kilipozaliwa. Siku hizo wapanda baiskeli na waenda kwa miguu wa mtaani kwetu waligombana kila siku. Baiskeli zilishuka mlima zimebeba ndizi, mkaa, hata vitanda, na nyingi hazikuwa na breki. Mtu alisimama kwa kukanyaga gurudumu la nyuma kwa kandambili ya tairi, na kandambili ikichoka, Mungu ndiye breki. Siku moja mzigo wa ndizi ulimvunja mama mmoja mguu mbele ya kibaraza changu. Watu wakamzunguka mpanda baiskeli wampige.

Aliyewazuia ni jirani yangu, mzee aliyefundisha shule ya msingi hadi kustaafu. Sote tulimwita Mwalimu. Aliingia katikati yao akauliza, "Mkimpiga huyu, mguu wa mama utaunga?"

"Hautaunga, Mwalimu, lakini roho yetu itapoa," mmoja akajibu.

"Basi ipozeni kwa kumbeba mama hospitali. Na nyinyi wenye mikono mirefu ndio mbebe."

Wakacheka, wakambeba. Juma hilo hilo tukaanzisha chama cha waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Tulikiongoza watu watatu. Mwalimu alikuwa mwenyekiti kwa sababu alijua Kifaransa cha ofisini. Mimi nilishika upande wa breki: kila Jumapili nilimfungia breki bure yeyote aliyekubali masharti yetu. Mke wangu alishika upande wa watoto.

Masharti yenyewe yalikuwa machache. Kubwa lilikuwa kengele mbili. Mpanda baiskeli akimkaribia mtu alipiga kengele mara mbili, si moja, si kumi. Mtu wa miguu alisogea upande wa majani na kujibu, "Pita." Asipojibu, baiskeli haipiti. Mwanzoni watu waliona ni mchezo wa watoto. Baada ya miezi michache ungesikia barabara nzima, kengele mbili, pita, kengele mbili, pita, hata watu waliogombea shamba waliitikiana hivyo.

Mke wangu alizaliwa Ndera, nje ya mji, kwa wakulima. Kiswahili alijifunzia kwangu. Alipoanza kuvusha watoto asubuhi alitaka bendera, na hapo tukapata shida ambayo leo naicheka peke yangu. Ilikuwa miaka ya vyama vya siasa. Kila rangi ilikuwa na wenyewe. Alipotoka na kitambaa chekundu vijana wakampigia makofi; alipotoka na cha kijani wengine wakamzomea. Mwishowe alikata kipande cha pazia letu la maua, lenye rangi zote, akakifunga kwenye fimbo.

"Mama, hicho nacho ni chama gani?" dereva mmoja alimuuliza.

"Chama cha dirisha," akamjibu. "Simama."

Ubao niliuandika mimi. Niliupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyeusi kubwa, nikausimamisha mbele ya geti la shule. Nilisoma miaka sita tu, na kwetu Kigali ulimi haujali kati ya ra na la; hata mimi ambaye babu yangu alikuja na Kiswahili kutoka pwani, nikiwa na haraka nachanganya. Niliandika: MAHARI PA KUVUKA.

Sikujua kosa langu mpaka wapanda baiskeli wenye asili ya Kongo walipoanza kushuka wakipiga kelele.

"Fundi! Mahari ya kuvuka iko ng'ombe ngapi?"

"Mimi niko na mbuzi moja tu, nivuke mpaka katikati?"

Mke wangu aliwajibu kutoka upande wa pili, fimbo juu: "Wewe hata kuku huna! Rudi kwa mama yako ukajipange!"

Mwalimu aliona aibu. Alisema ubao ule unakiaibisha chama mbele ya wasomi. Nikachukua spana niung'oe. Mke wangu akanizuia. "Uache," alisema. "Hujaona? Dereva akifika hapa anapunguza mwendo asome vizuri, acheke. Ukiandika sawasawa nani atasoma?" Ilikuwa kweli. Hata malori yalipunguza mwendo. Kosa langu likabaki, na mimi nikaanza kulipenda.

Asubuhi ile mimi nilikuwa kibarazani nanyoosha rimu. Nilisikia breki, halafu kelele za watoto. Nilikimbia. Mke wangu alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwenye ubao. Watoto aliokuwa akiwavusha walikuwa wamesimama upande wa pili wote, wazima, binti yetu akiwa mmoja wao. Nilipoinua macho, cha kwanza kuona kilikuwa maandishi yangu mwenyewe. Dereva alikuwa mgeni wa barabara ile; labda hakujua Kiswahili, labda hakujua kusoma. Sijui. Sikumuuliza.

Tulimzika Ndera, karibu na shamba la baba yake. Mwalimu alimshika binti yangu mkono muda wote. Wakati wa udongo alimziba macho kwa koti lake. Nayaandika haya pia kwa sababu yalitokea.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja nyumbani. Alikuwa na barua ya Kifaransa.

"Fundi, pole tena. Naomba spana yako."

"Ya nini?"

"Ule ubao. Watu wanapita wanacheka pale alipofia. Haifai. Turekebishe neno, tumpe heshima yake. Na hii ni barua ya kuwaambia wa komuni, ofisi ya serikali, kwamba tunaurekebisha. Wewe ni kiongozi, tia sahihi."

Kifaransa changu ni cha spea za baiskeli. Sikuomba anisomee. Nilitia sahihi juu ya goti, nikampa spana namba kumi na tatu, nikamwambia nati moja ina kutu, aikaze kwanza kidogo ndipo ilegee. Nilimfundisha kuung'oa.

Juma lililofuata askari wa barabarani alikuja na kamba ya kupimia. Niliambiwa nikiwa kazini, nikaenda. Mbele ya geti la shule hapakuwa na kitu, mashimo mawili tu yaliyokwisha kufukiwa na kupigwapigwa. Ubao ulikuwa chini kabisa ya mteremko, karibu na mtaro, mweupe, mpya: MAHALI PA KUVUKA. Herufi nzuri za mtu aliyefundisha shule. Askari alipima kutoka kwenye ubao mpaka kwenye alama za breki, akaandika.

"Afande, ubao ulikuwa hapa," nilisema.

"Wewe nani?"

"Mume wake."

"Pole sana. Barua ya chama chenu iko komuni. Nenda huko."

Nilikwenda. Karani wa komuni alikuwa kijana mpole. Alinitolea barua, akanisomea kwa Kinyarwanda polepole. Ilisema chama chetu, tangu kilipoanza, kilitenga mahali pamoja tu pa kuvuka, karibu na mtaro. Kwamba marehemu, kwa bahati mbaya, alikuwa na tabia ya kuvusha watoto mahali pasipotengwa. Kwamba viongozi walikwisha kumwonya. Chini palikuwa na sahihi ya Mwalimu. Chini yake palikuwa na yangu.

"Hii si sahihi yako?" karani aliuliza.

"Ni yangu."

"Sasa unalalamikia nini, mzee?"

Nilimrudishia barua, nikatoka. Nilitafuta mashahidi. Wazazi, muuza chumvi, wapanda baiskeli niliowafungia breki. Wote walikumbuka ubao, wote walikumbuka mahari. Lakini mwaka ule mtu akiitwa kutoa ushahidi aliulizwa kwanza yeye ni wa chama gani na baba yake ni nani, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutotaka kuulizwa. Siwalaumu sana.

Nilimkuta Mwalimu kwake anakata majani ya mbuzi.

"Mwalimu, umehamisha ubao."

"Nimeurekebisha. Keti, fundi."

"Nimeshasimama."

Akaweka kisu chini. Hakukana. Pengine ningefurahi kama angekana. "Mwenye lori ni mkandarasi," alisema. "Atatujengea kingo za mawe na njia ya miguu, kutoka juu mpaka bondeni, pande zote mbili. Wewe na mimi tungepaka chokaa miaka ishirini na mvua ingekuwa inaosha tu. Anachotaka ni kusiwe na kesi. Watoto watapita salama, fundi. Na wako yumo."

"Na mama yake?"

"Mama yake amekufa. Karatasi haimuumizi."

"Shuleni wanamwambia binti yangu kwamba mama yake alivusha watu na yeye mwenyewe hajui kuvuka. Jana ameniuliza kama ni kweli."

Akaokota kisu, akakata jani moja.

Nikamwambia, "Sitaki kesi. Sitaki kitu cha mkandarasi. Njoo nyumbani umwambie mtoto tu. Wewe anakuamini. Mwambie mama yake alikuwa mahali pake. Ukimaliza, chukua mawe yako."

Alifikiri kwa muda mrefu, kwa kweli alifikiri. "Nikimwambia mtoto nimeiambia shule nzima," alisema. "Siwezi."

Niliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo sikwenda kwenye mkutano wa chama, na Jumapili nilifunga kibaraza.

Kiangazi kile mawe yalikuja. Sitadanganya: yalikuwa kazi nzuri. Kingo zilinyooka, njia ya miguu ilikuwa pana, baiskeli na mtu waliweza kupishana bila kugusana. Kina mama waliobeba vikapu walimshukuru Mwalimu barabarani, naye aliinama kidogo kwa kila mmoja. Nami niliipita njia ile kila siku, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Binti yangu hakuniuliza tena. Hilo ndilo lililoniuma kupita maswali. Nilimwambia mimi mara nyingi kwamba mama alisimama mbele ya geti. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Ubao ulisema vingine, na yeye alikuwa amejifunza kusoma.

Jumamosi moja nilichukua tupa yangu ya kusugulia rimu, nikamshika mkono, tukashuka mpaka kwenye ubao karibu na mtaro. Nilimwambia aangalie neno la kwanza. Nikaanza kusugua ile L. Rangi nyeupe ya Mwalimu ilitoka kama unga. Chini yake palikuwa na rangi yangu, imepasuka kidogo. Nilisugua polepole nisikate mbao. Lilitokea kwanza tumbo la herufi, halafu mguu wake.

Binti yangu aliweka kidole juu yake. "Ra," alisema. Akasoma kuanzia mwanzo, "Ma-ha-ri." Akanigeukia. "Ni ule ule wa mama."

"Ni ule ule."

"Mama alisema usiung'oe."

"Alisema."

"Sasa nani aliuleta huku?"

Kabla sijajibu, nyuma yetu kengele ililia. Mara mbili. Nilimjua bila kugeuka, kwa sababu kengele ile niliifunga mimi. Mwalimu alikuwa anashuka kwenye njia mpya juu ya baiskeli yake, amevaa koti lile la mazishi. Mwili wangu ukafanya ulichozoea: nilisogea upande wa majani. "Pita," nilisema.

Binti yangu hakusogea. Alisimama katikati ya njia, kidole chake kimejaa rangi nyeupe, akamwangalia.

Mwalimu alifunga breki. Aliuangalia ubao, akamwangalia mtoto, akapiga tena kengele mbili, taratibu. Mtoto hakujibu.

Akashuka kwenye baiskeli. Akaibeba juu ya ukingo wa mawe, akaingia barabarani kwenye magari, na kuikokota kushuka.