Nilivyojiandaa kwa operesheni ya kupunguza tumbo Kakamega: adui wangu mkubwa alikuwa kuku

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Nimesoma nyuzi za vijana wanaouliza namna ya kujiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mimi niliupitia miaka ya tisini. Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale ambapo ukweli unaniaibisha.

Nilikuwa fundi wa redio mjini Kakamega, nina miaka thelathini na kitu. Mizani ya hospitali iliniishia. Ikabidi nipimwe kwenye stoo ya nafaka sokoni, kwenye mizani ya magunia. Nilizidi gunia moja na nusu la mahindi.

Mpimaji akaniambia taratibu, "Fundi, hapa tunapimanga mahindi makavu."

Magoti yaliuma, presha ilikuwa juu, na usingizi niliupata nikiwa nimeketi. Nikasoma kila kitabu cha tiba nilichoweza kuazima, nikaandikia hospitali kadhaa, mwisho nikampata daktari Nairobi aliyekuwa amejifunza kazi hiyo ng'ambo.

Alinipa tarehe na sharti moja. Nipunguze kilo kumi kwanza. Ini la mtu mnene limejaa mafuta, akasema, linamzibia njia ya kufika tumboni. Nikifika bila kupungua, hanilazi kwenye meza yake, na nafasi inakwenda kwa mwingine.

Uji mwepesi, supu, mboga, kutembea. Basi.

Kutembea hakukunishinda. Kila asubuhi nilishika barabara ya kuelekea Mukumu. Vijana wa boda boda, enzi hizo ni baiskeli, ambao humsumbua kila mpita njia, wakiniona mimi walikumbuka kukagua cheni zao.

Shida ilianza nilipoanza kupungua.

Mlio wadogo hamjui. Miaka ile mtu akikonda kwetu, hakuna aliyemuuliza siri ya diet. Watu walimtazama kwa huruma, kisha wakaanza kujadili nani atachukua watoto. Suruali yangu ilipolegea kiunoni, mtaa mzima ulishajua nina ule ugonjwa.

Kaka yangu mkubwa, Ambani, akaja kunihoji. Nikamweleza yote: daktari, tumbo, ini.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mtu mzima anamtafuta daktari amwondolee njaa," akasema. "Ndugu yangu, uongo mwingine mtu huchagua unaofanana na kweli. Sema tu umepimwa."

Ukweli wangu kweli ulisikika vibaya kuliko uvumi wao.

Basi wakaanza kuja na kuku wa kunirudishia mwili. Ndugu, majirani, akina mama wa kanisa. Kwetu ingokho, yaani kuku, haikataliwi. Kuku wa mgeni anachinjwa, obusuma, ugali wetu, unasongwa, na firigisi anawekewa mwenye nyumba. Ukikataa firigisi, umemwambia aliyemleta kuku kwamba ni mchawi. Na wote wanakaa pale wakikutazama ukitafuna.

Nikala. Jumamosi nikala tena. Niliporudi stoo ya nafaka, nusu ya nilichopoteza ilikuwa imerudi.

Jioni hiyo mke wangu, Mama Rose, aliweka sufuria chini akaketi.

"Baba Rose, wewe wanakuletea kuku. Mimi kisimani wananisogezea ndoo yangu kwa mguu," akasema. "Wakisema unao, mimi pia ninao. Usipokatwa ukarudi mzima, hayo maneno nitazeeka nayo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kisu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Ni yeye aliyepata dawa, na haikuwa kwenye vitabu vyangu. Akamwita mama yake.

Kwa desturi yetu, mimi na mama mkwe hatuli pamoja. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Yeye alikuwa ameshakaribishwa rasmi kwetu zamani, kwa hiyo kuketi na kula angeweza. Na alikaa kijiji cha karibu.

Mgeni yeyote akionekana na kuku, mama mkwe alifika, akaketi kiti kinachotazama meza. Mimi nikainuka kwa heshima zote, nikatoka na kikombe changu cha uji. Ambani mwenyewe, bingwa wa mila, hakuweza kunizuia.

Walijaribu kunitumia sahani nje. Nje hakuna shahidi. Mbwa wetu akanenepa.

Firigisi, kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, zilimwendea mgeni mkubwa, mama mkwe.

Siku yangu ya kuondoka kwenda Nairobi, mama mkwe alizungumza na mtoto wake kwa sauti ya kunifikia mimi uani. "Mwambie huyo mtu nimekula kuku wa ukoo wake mpaka gauni la kanisa halifungi. Asirudi hapa bila kukatwa."

Nairobi nikapanda mizani. Daktari akaangalia, akaangalia tena, akamwambia muuguzi aandae kitanda. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na moja. Niliogopa sana asubuhi ile, lakini nilijua nani ananisubiri kisimani. Nikalala mezani.

Nikaamka.

Mwaka uliofuata nilikonda kwelikweli, na Ambani akaendelea kuja kunitazama kila mwezi. Nadhani mpaka leo hajaamini. Ila kisimani, mtu anayetangazwa kufa akizidi kuendesha baiskeli mwaka hadi mwaka, watu huchoka. Siku moja Mama Rose alirudi akaniambia wamemtwika ndoo. Akaingia jikoni, akafunga mlango, nikamsikia akilia.

Nilichojifunza ni hiki: tumbo daktari ataliandaa, lakini wanaokulisha ni kazi yako kuwaandaa. Anza na anayelala kando yako, maana yeye anakatwa kabla yako.

Uwanja ni wenu. Na kama kuna mtu humu amewahi kukataa kuku wa ndugu yake na bado akabaki na ndugu, aeleze alifanyaje.