Bahasha Ilikuwa ya Nauli

Saa nane mchana, Alhamisi. Pasi imeshapata moto, mashati yamenyunyiziwa maji na kukunjwa mafungu mafungu, na kiti cha plastiki cha bluu kando ya meza hakina mtu.

Dobi anatupia jicho mlangoni. Wifi yake si mtu wa kuchelewa. Shule anakofundisha Kiingereza hufunga saa saba, na ikifika saa nane kasorobo huwa ameshaingia, ameshavua viatu, ameshaomba maji ya kunywa na ameshamwambia dobi kwamba ananenepa. Leo imepita saa nane na robo. Kwenye televisheni ndogo juu ya kabati, picha imesimama pale pale walipoiacha jana: mwanamke wa makamo, mkufu wa lulu shingoni, anamnyooshea msichana bahasha nyeupe.

Simu inaita. Ni mwalimu mkuu. Anaeleza polepole kwamba wifi aliketi kwenye benchi la ofisi ya walimu, akasema kichwa kinamgonga, akaomba maji. Maji yalipoletwa, hakuyanywa.

Dobi anasikiliza mpaka mwisho, anashukuru, anakata simu. Kisha anamalizia mkono wa pili wa shati lililokuwa mezani, kwa sababu shati lenye mkono mmoja ulionyooka si shati. Anachomoa waya ukutani. Ndipo anapoketi, sakafuni, si kwenye kiti.

Hiyo ni miezi kumi na moja iliyopita.

Wateja wanamwita Mama Kola. Amepiga pasi kwa miaka kumi na minne katika chumba kimoja kinachotazama barabara: meza iliyotandikwa blanketi na shuka jeupe, kamba tatu za kutundikia nguo, pasi ya umeme ya kazi na ya mkaa ya akiba. Kwa siku hunyoosha mashati thelathini, arobaini yakizidi. “Kumi ya kwanza ni ya kodi na umeme,” anasema. “La kumi na moja ndilo langu.”

Pasi haitaki mtu wa kuangalia pembeni. Ukigeuza shingo kidogo tu, umemchomea mtu suruali ya kazini. Hata hivyo, hakuna mtu mtaani anayezijua tamthilia za Asia kama yeye. Anazo kichwani thelathini na moja, mbali na filamu za mapenzi ambazo aliacha kuzihesabu. Majina yake hayashiki. Anazitaja kwa alama: ile ya mpishi kiziwi, ile ya daktari mwenye pacha, ile ya jemadari anayelialia.

Siri ilikuwa kwenye kile kiti cha bluu. Maneno ya tamthilia hupita chini ya kioo kwa Kiingereza, tena mbio. “Kiingereza kilinisalimia mlangoni, hakikuingia ndani,” anasema dobi, aliyeishia darasa la saba. Kwa hiyo yeye alikaza macho kwenye kitambaa, na wifi akasoma na kutafsiri papo hapo, akibadilisha sauti: nzito ya baba, nyembamba ya msichana, ya puani kwa tajiri. Zile ambazo mtu fulani amezitafsiri kwa kupaza sauti juu ya picha, dobi hazitaki hata bure. Anasema yule bwana anapiga kelele kama yuko mnadani, na mtu akilia humsikii.

Ana maoni yake, na wateja huyafuata pamoja na nguo zao.

Za Kikorea anazipenda kwa subira yake. Kushikana mikono tu ni sehemu ya nane, na anaona hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana watu wanaoharakisha ndio hao wanaomletea nguo za harusi mwezi wa sita, na mwezi wa tisa kila mmoja analeta zake peke yake. Lakini dobi hawasamehe watunzi wake kwa visa vya kupoteza kumbukumbu. Kila kijana tajiri lazima agongwe na gari amsahau mchumba. “Anamsahau mchumba, hasahau namba ya siri ya benki,” anasema.

Za Kichina za enzi za wafalme anazitazama kwa huruma ya kikazi. Mtu kavaa kanzu saba, moja juu ya nyingine, kapigana msituni, kaanguka mtoni, na katoka hana hata kunjo moja. Za Kihindi zinampa nafasi ya kufanya kazi: mtu mmoja akitamka neno zito, jamaa wote wanageuza shingo kwa zamu, radi inapiga, na mpaka wamalize yeye amekamilisha suruali mbili.

Filamu za mapenzi za saa mbili anaziona za mkato. Ndiyo kwanza umemzoea mtu, taa zinawaka. Na anamhukumu mwanamume kwa kola. Mpenzi akilala kwenye kochi usiku kucha na kuamka na shati lililonyooka, dobi humtoa moyoni hapo hapo. Huyo, anasema, ni mwongo tangu kwenye nguo.

Lakini lipo oni moja lililokuwa likiwavunja wateja mbavu. Karibu kila tamthilia ina mama wa kijana tajiri, anayemwita msichana maskini mkahawani na kumsogezea bahasha ya pesa. Dobi alishikilia kwamba hao ni akina mama wema kuliko wote. Msichana hana kitu, mama anamwita, anamnunulia kahawa, anampa nauli na ya matumizi. Sasa huyo binti kinachomliza ni nini?

Wateja walidhani ni mzaha wake. Haukuwa mzaha. Hivyo ndivyo wifi alivyomsomea.

Mama mkwe wake halisi hakuwahi kumpa nauli. Alikuwa katibu muhtasi ofisini miaka thelathini, mwanamke mwembamba wa miwani na maneno machache, na mwanawe, dereva wa lori, alipomleta dobi nyumbani, alitaka kujua amesoma mpaka wapi. Alipojibiwa, alifunga mkoba wake. Siku ya ndoa alikuja, akaketi nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Baada ya hapo walikutana misibani tu, na kupeana mikono kama watu waliogongana sokoni.

Aliyebaki katikati ni wifi, ambaye aliishi na mama yake mitaa miwili kutoka hapo. Kwa miaka tisa hakuwahi kuingia kwa dobi bila kusema, “Mama anakusalimu.” Wakati mwingine aliongeza: mama anasema pole na joto, mama anauliza mgongo umepona? Dobi naye alijibu “akae huko huko,” au “haya, nimesikia,” na kuendelea na pasi. Lakini hata mwenye kinyongo, anasema, ukimpelekea salamu kila siku atachoka kununa.

Ndiyo maana msiba ulipoisha na mumewe akakaa kitandani, asijue aanzeje, dobi alimtangulia. Alisema mama hawezi kubaki peke yake katika nyumba ile. Dereva akamuuliza kama ana hakika.

“Mtu amenisalimu kila siku kwa miaka tisa,” alimjibu. “Nitamfungiaje mlango?”

Mama mkwe alihamia na masanduku mawili, redio, na kamusi. Akapewa chumba cha ndani. Alisema asante, na kwa wiki za mwanzo hakusema mengi zaidi ya hayo. Asubuhi alitandika kitanda chake kama cha hospitali. Mchana alikaa dirishani kwake. Dobi alikaa upande wa pili wa ukuta na mashati yake, kimya, televisheni ikiwa imefunikwa shuka la mteja aliyehama bila kulifuata.

Dereva alirudi safarini akawakuta hivyo, akaondoka tena. Dobi anakiri kwamba ilifika siku akajuta. Alimwomba mumewe kwa simu atafute chumba kingine kwa ajili ya mama mwisho wa mwezi.

Mwezi haukuwa umeisha. Mchana mmoja mama mkwe alitoka chumbani na kusimama mbele ya kabati. Aliuliza hiki ndicho walichokuwa wanatazama. Dobi akasema ndicho. Akauliza mwanawe alikuwa anakaa wapi. Dobi akamwonyesha kiti. Mama mkwe akaketi, akavaa miwani, akasema, “Washa.”

Picha ilirudi pale pale, yule mwanamke wa lulu na bahasha yake. Dobi alirudisha nyuma kidogo ili mgeni apate mwanzo, akashika pasi, na kumdokeza kwamba huyo ndiye mama mwema, hapo anampa binti nauli.

Mama mkwe alisoma kwa sauti moja kavu, ya mtu aliyesoma barua za ofisi maisha yake yote, bila kuongeza wala kupunguza. “Chukua hizi. Ondoka katika maisha ya mwanangu. Mtu kama wewe hawezi kuketi meza moja na sisi.”

Dobi alisimamisha pasi wima. Alisema labda amekosea mstari. Mama mkwe akarudisha, akasoma tena. Yalikuwa yale yale.

“Yeye alikusomeaje?” akauliza.

Dobi akamwambia. *Binti yangu, jua ni kali, usitembee kwa miguu. Chukua nauli, na ukifika usalimie kwenu.*

Mama mkwe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Ndipo wazo lilipomjia dobi. Mtu aliyeweza kugeuza maneno ya akina mama thelathini na mmoja asiowajua, angeshindwaje kugeuza ya mmoja aliyeishi naye nyumba moja?

Anasema alitamani lisimtoke mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka.

“Mama. Zile salamu.”

“Salamu zipi?”

“Alizokuwa analeta. Kila siku.”

Kikongwe alitazama kioo, picha ikiwa imesimama. Alisema hakuwahi kumtuma mtu salamu. Hakulisema kwa ukali wala kwa kuomba radhi. Alilisema kama anavyosoma. Kisha akamgeukia dobi.

“Mimi nilidhani za kwako ndizo za kweli,” akasema.

Kumbe kila jioni, wifi alikuwa akifika kwa mama yake na kumwambia: mkweo anakusalimu. Mkweo anauliza presha. Na kila Ijumaa alimpelekea gauni lake limenyooshwa, marinda yote kama yamechorwa kwa rula, na kusema mkweo amekataa malipo, anasema ni la mama.

Magauni hayo dobi anayakumbuka moja moja. La kahawia lenye vifungo, la kijivu la kola ya duara. Wifi aliyaleta kama yake. Lakini wifi alikuwa na mwili, na yale yalikuwa magauni ya mtu mwembamba, kwa hiyo kila Ijumaa dobi alimtania kwamba ananyoosha nguo za ndoto, kwamba labda gauni limwingie mguu mmoja. Wifi alicheka mpaka akakohoa. Hakujitetea hata mara moja.

“Nilikuwa namnyooshea kwa uangalifu ili nipate cha kumtania,” anasema dobi. “Ningejua ni la nani, sijui kama ningenyoosha vile. Huo ndio ukweli.”

Mchana ule hawakuendelea na tamthilia. Mama mkwe aliinuka akaingia chumbani, na dobi alifikiri ameenda kufunga masanduku. Alirudi na gauni la kahawia mkononi. Lilikuwa limejikunja tangu lilipohamishwa. Aliliweka chini kabisa ya rundo, chini ya nguo za wateja, akasema halina haraka.

Dobi alilitoa chini akalinyoosha la kwanza. Jioni alimpigia mumewe asitafute tena chumba.

Hawajawa marafiki wa kutembeleana vyumbani. Mama mkwe bado anaona chumvi ya dobi imezidi, na dobi bado anaona kikongwe anakunja taulo kimakosa. Wanabishana zaidi kuhusu tamthilia. Sasa kwa kuwa anasikia yaliyoandikwa, dobi ameyafuta maoni yake kuhusu bahasha, ameyatangaza kwa wateja, na ameongeza jipya: wasichana wale wangezichukua zile pesa na kijana wakamchukua pia. Mama mkwe anawatetea wenye bahasha. Anasema wanakosea kutoa mapema, sehemu ya nne, kabla hawajamjua binti. Hapo dobi huongeza moto wa pasi.

Mpango wa Mama Kola ni kurudia zote thelathini na moja, kuanzia ile ya mpishi kiziwi, ili ajue hasa zilisema nini. Anakadiria itamchukua miaka mitatu, na hajui kama mama mkwe atafika huko. Amemwambia hivyo. Mama mkwe amejibu kwamba basi wasipoteze muda kwenye nyimbo za mwanzo.

Wameshamaliza tamthilia mbili. Zinakwenda polepole, kwa sababu kila sehemu ya saa moja inawachukua karibu saa mbili. Mama mkwe anasoma mstari kama ulivyo, anasimamisha picha, na kumgeukia dobi. Anataka kujua hapo mwanawe alisomaje. Dobi anaweka pasi wima, anamwambia, kisha wanaendelea.