Amplifaya ya Msumari

Jina la Msumari alipewa na mama mkwe wake. Siku ya kwanza bibi huyo alipohamia kwao, alikaa sebuleni akisikiliza kelele zilizotoka chumba cha nyuma, kisha akamuuliza binti yake kwa upole kabisa, "Mwanangu, mumeo anapiga gitaa au anapigilia misumari?" Wenzake wa bendi walipoisikia hiyo walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo hata mabango ya tamasha yakamwita Msumari.

Alikuwa mpiga gitaa wa metali, ule muziki mzito wa roki, na kazi nyingine hakuwa nayo. Ofisi yake ilikuwa chumba hicho cha nyuma. Ukutani yalining'inia magitaa: jeusi la nyuzi saba la kufanyia kazi, jekundu la akiba, na moja kuukuu lenye shingo iliyopinda, ambalo hakulipiga wala hakutaka mtu alitupe. Sakafuni, juu ya ubao, zilipangwa pedali za kukanyagia: ya kukwaruza sauti, ya mwangwi, ya kupimia nyuzi, na ile ya kukata mvumo asipopiga, maana gitaa la metali likiachwa wazi huunguruma kama jokofu bovu.

Pembeni, juu ya kabati la spika, ilikaa amplifaya, mashine ya kukuza sauti ya gitaa. Si hizi nyepesi za siku hizi. Hii ilikuwa na taa za vioo ndani, zikipata moto zinatoa mwanga wa rangi ya chungwa na harufu ya vumbi lililoungua. Aliipata ukumbi mmoja wa muziki ulipofungwa. Mwenye ukumbi alimsaidia kuipakia, halafu akamwambia, "Ukiiwasha, usikae nayo peke yako muda mrefu." Msumari alidhani anaongelea masikio.

Jambo moja zaidi lazima lijulikane kuhusu huyu bwana. Utotoni kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilibanwa na mlango, na hakikukunjika tena sawasawa. Kwa hiyo kila alipopanda noti za juu, kidole kilichelewa kidogo na kuacha mkwaruzo, kama mtu anayevuta kiti sakafuni. Kwa miaka alihangaika kuuondoa. Mashabiki walipoupenda, akauacha.

Basi, alasiri moja aliwasha amplifaya ipate moto, akaenda na gitaa jeusi jikoni kubadilisha nyuzi kwenye meza. Mkewe, ambaye ni mkunga, alikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa sebuleni akikunja nguo.

"Leo unapiga vizuri, mwanangu," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Angalau kuna mahali mtu anapumua."

Msumari alitokea mlangoni. "Sipigi, mama."

Bibi aliinua kichwa. Akamwona mkwewe amesimama mbele yake, uzi umemzunguka kiganjani, na chumba cha nyuma gitaa likaendelea kulia.

Walikwenda pamoja, yeye mbele na bibi kamshika shati. Hakukuwa na mtu. Waya wa gitaa ulilala sakafuni, haujachomekwa popote. Magitaa yalikuwa yametulia ukutani. Lakini kwenye spika ulitoka wimbo mpya wa bendi, ule waliokuwa wakiuandaa kwa tamasha, ambao walikuwa hawajaurekodi wala kumpigia mtu yeyote. Katikati ulipunguza mwendo, mahali ambapo wimbo wenyewe haupunguzi. Kisha ukapanda juu, na Msumari akasikia mkwaruzo. Kiti sakafuni.

Wimbo ulikaribia mwisho, pale Msumari mwenyewe anaposogea kwenye maiki kupaza sauti pamoja na mwimbaji. Hapo ukakatika. Haukuisha, ulikatika, kama uzi unavyokatwa kwa mkasi. Ukafuata mvumo mzito wa umeme, mrefu, ambao haukutaka kuisha.

"Zima," alisema mama mkwe.

Msumari alikuwa ameshazima.

Mkewe aliporudi alimweleza yote, naye alisikiliza huku akivua viatu. "Amplifaya za zamani hunasa redio," Msumari alimalizia, akijikaza kisabuni.

"Redio gani hiyo inayopiga wimbo ulio kichwani mwako?"



Kwenye mazoezi yaliyofuata, mpiga ngoma aliweka vijiti vyake chini akasema, "Nimepata wazo. Hapa katikati tupunguze mwendo, watu wapumue kidogo." Wenzake walilipenda. Msumari alikataa, akabisha hadi wakamshangaa, lakini sababu hakuwa na uso wa kuitaja. Wakajaribu. Ukatoka vilevile alivyousikia, pigo kwa pigo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alichosikia hakikuwa wimbo uliopigwa. Ni wimbo ambao angekuja kuupiga.

Siku hiyohiyo alimwita mkewe chumba cha nyuma. Waliketi juu ya kasha la magitaa, taa za vioo zikapata moto, wakangoja. Wimbo ulikuja. Mkewe aliinamisha kichwa na kufumba macho. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mapigo ya moyo wa watoto ambao hawajazaliwa, na alisikiliza spika ile namna hiyohiyo. Ulipokatika, hakufumbua macho mpaka mvumo nao ukaisha.

"Hapo sikusikia wimbo ukinyamaza," alisema. "Aliyenyamaza ni wewe. Usiende."

"Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba amplifaya imenikataza?"

"Basi iache hapa."

"Sauti yangu imo humo ndani. Bila hiyo mimi ni nani?"

Mkewe alimshika mkono. "Sawa. Lakini ukifika pale unapokatika, acha kupiga. Niahidi." Akaahidi.

Tamasha lilifanyika mchana, uwanja wa wazi. Mvua ilikuwa imenyesha baada ya vyombo kujaribiwa, kisha jua likatoka kali, na mbao za jukwaa zilikuwa bado zinafuka mvuke. Mkewe alisimama kando ya jukwaa, mikono kifuani. Mama mkwe alikataa kabisa kuja.

Wimbo ule waliuweka mwisho, nao ndio pekee ambamo Msumari alipaza sauti. Wakaanza. Mwendo ukapungua, watu wakapumua. Kidole kikachelewa, kiti kikavutwa sakafuni. Maiki yake ilisimama mbele, peke yake, na miguu ikaanza kumpeleka. Baadaye alisema hicho ndicho kilichomtisha kuliko yote: hakuwa akitembea, alikuwa akitembezwa. Hatua ya mwisho alimwona mkewe. Mkewe hakupunga mkono wala hakuita. Alimtazama tu.

Msumari aliinua mikono, akaziachia nyuzi.

Mwimbaji aligeuka. Mpiga ngoma alipiga mapigo mawili ya kupotea, naye akaacha. Watu wakaanza kuzomea, na chini ya zomeazomea hiyo, nyuma ya mgongo wake, Msumari akausikia mvumo ukitoka kwenye spika. Uleule wa umeme.

"Umeingiwa na nini wewe?" Mpiga ngoma alishuka kwenye ngoma zake akaja mbele, hasira imempanda, akanyoosha mkono kuisukuma maiki pembeni.

"Usiiguse," Msumari alisema. "Mwite fundi wa sauti."

Fundi alipanda akinung'unika. Aligusisha bisibisi yake ya kupimia umeme kwenye stendi ya maiki, na kitaa kidogo ndani ya mpini kikawaka. Akaigusa tena, kana kwamba hakuamini. Uso ulimbadilika.

"Umeme umevuja huku," alisema polepole. "Nyuzi za chuma mikononi, mdomo kwenye hii, miguu kwenye mbao mbichi. Ungegandia hapohapo, kaka."

Hawakumalizia onyesho. Mpiga ngoma ndiye aliyemsaidia kupakia amplifaya.

Mkewe alitaka itupwe. Aliyekataa, ajabu, ni mama mkwe. "Imekurudishia mume, unaitupa? Ifunikeni tu shuka." Ikafunikwa. Msumari alipiga kwa amplifaya za kuazima, na kweli sauti yake ilipwaya, hata mashabiki waliliona hilo. Kwenye maiki hakusogea tena.

Kipupwe kikapita. Alasiri moja, watu wote watatu wakiwa nyumbani, mkewe mwenyewe alisema, "Iwashe tusikie kama imenyamaza."

Haikunyamaza. Kilichotoka hakikuwa metali. Kilikuwa kitu cha taratibu, kisicho na pedali yoyote, mkono unatetemeka, noti nyingine zinakosewa na kurudiwa. Mkwaruzo ulikuwa mrefu, kama kiti kizito kinachovutwa na mtu asiye na nguvu.

"Huyo mzee ni nani?" mama mkwe aliuliza.

Mkewe aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka, na alikuwa akicheka. "Ni yeye, mama. Atazeeka."

Msumari hakucheka. Alisikiliza kidogo zaidi, kisha akanyoosha mkono na kuzima kabla wimbo haujaisha.

"Mbona umezima?"

"Sitaki kujua unaishia wapi."

Amplifaya ingali chumba cha nyuma, chini ya shuka lake. Ule wimbo wa taratibu hajaupiga hata mara moja. Lakini akiwa peke yake na gitaa, vidole vinapotangatanga tu, mara nyingine huanza kuelekea kwenye noti za mwanzo za wimbo huo, vyenyewe. Hapo hulitundika gitaa ukutani, akaenda sebuleni kukaa na wenzake, na mama mkwe humuuliza kulikoni leo hapigilii.