Mbuzi wa Ndila Walipolala Pamoja

"Mbona mbuzi wenu hawalali kwenu?"

Mbula alimuuliza Ndila swali hilo akiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi. Alikuwa amesimama nje ya boma la jirani yake huyo, anachungulia katikati ya miiba, na ndani haoni kitu ila mbuzi mmoja mzee wa maziwa na mwanawe. Na bado kila mtu upande huu wa Tseikuru alisema Ndila ni mwanamke mwenye mbuzi! Ndila alicheka tu, akamwambia akimbize hiyo chumvi kwao kabla mama yake hajamfuata na mwiko.

Mbuzi wa Ndila walikuwa wengi kweli, ila walikuwa kwa watu. Kundi moja lilikuwa kwa Mwau, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe tangu utotoni, ng'ambo ya mto mkavu. Lingine lilikuwa kwa Kusow, mfanyabiashara wa mifugo mwenye duka sokoni, ambaye alitoka kaskazini na familia yake akakaa huku mpaka watoto wake wakajua kutukana kwa Kikamba. Na yule mbuzi mzee aliyekuwa kwa Ndila hakuwa wake, alikuwa wa Mwau. Ndivyo watu wa huku walivyofuga. Unampa rafiki mbuzi jike, yeye anamtunza na kunywa maziwa, na baada ya uzao kadhaa anabaki na mwana mmoja. Ugonjwa ukiingia huku, huko wamepona. Hakuna aliyeandika popote. Mbuzi akizaa, mtunzaji anakuja kwa miguu kukwambia, na habari ya mbuzi haisemwi mtu akiwa amesimama. Anakaa, anapewa uji, mnaongea mpaka jua linapinda.

Muthama alifika mwaka ambao Kavindu, binti wa pekee wa Ndila, alimaliza kidato cha nne na kuitwa chuo cha uuguzi. Alikuwa kijana mpole mwenye tisheti ya mradi wa akiba ya kina mama, na hakuja na Kizungu. Alisema amechoshwa na semina zinazofundisha watu habari za pesa kana kwamba walizaliwa jana. Yeye angefundisha kwa mambo yetu wenyewe. Basi kina mama wakahesabu kwa mbaazi badala ya kalamu, akiba ikaitwa ghala, riba ikaitwa mwana wa mbuzi, na hesabu zikaimbwa kwa sauti ile ile ya kuchimbia mitaro. Walicheka mpaka wakafutana machozi.

Aliyeshika haraka kuliko wote alikuwa Ndila, ambaye shule aliiacha darasa la nne. Muthama akamchagua awe anafundisha wenzake kanisani baada ya ibada. Wakaanza kumwita Mwalimu, kwanza kwa utani, halafu utani ukaisha jina likabaki. Lilimkaa vizuri kama lesso mpya, na hata mwendo wake ukabadilika. Mbula aliliona hilo, maana watoto huona.

Kisha likaja jambo la mkopo. Kampuni moja iliyoshirikiana na mradi ingekopesha chama chao cha kina mama ili wanunue mbuzi wakati wa ukame na kuwauza Krismasi. Fungu la Ndila lingemwingiza Kavindu chuoni. Hakuwa na njia nyingine. Lakini mkopeshaji alitaka kuwaona kwa macho mbuzi wa dhamana, wote katika boma moja, kila mmoja na herini ya plastiki ya manjano sikioni.

Ndila aliuliza itakuwaje kwa wale walio kwa watu. Muthama akajikuna kichwa. Alikuwa amelelewa Kitui mjini, baba yake karani. Nyimbo alizijua zote, ila jambo hili hakuna aliyewahi kumwambia.

"Walete tu, mama," alisema. "Ni kwa muda."

Ndila akavuka mto kwenda kwa Mwau. Mzee alimsikiliza, halafu akauliza, "Kwani umeambiwa nimekufa?"

Maana huku mbuzi huitwa nyumbani wote kwa mpigo mtu akifa, au akikukosea kosa lisilosemeka. Ndila alicheka, akaeleza habari za ghala, mwana wa mbuzi na chuo cha Kavindu. Mwau alifungua boma akawatoa. Kesho yake alikuja kumchukua yule mbuzi wake mzee, na uji hakuungoja.

Kwa Kusow ilikuwa vigumu zaidi. Mkewe Abdiya alileta chai, ikapoa. Kusow akasogeza kikombe chake kando.

"Mama Kavindu, kama nimekukosea, niambie nikuombe msamaha. Usiniambie kwa kuwaita mbuzi."

Ndila aliapa kwamba hakuna kosa, ni mradi tu. Kusow akamtengea mbuzi wake wote, akaongeza hata mwana mmoja aliyekuwa haki yake yeye. Lakini hakumsindikiza mpaka barabarani kama siku zote. Ndila alitembea na lile kundi huku akijiambia kwamba Kavindu akishavaa sare nyeupe, hawa wote wataelewa.

Mwalimu ametangulia, nani abaki nyuma? Kina mama wengine nao wakawakusanya mbuzi wao. Boma likajengwa nyuma ya kanisa, likajaa mpaka mbuzi wakawa wanapandiana migongo. Watoto waliwaita maharusi kwa sababu ya zile herini. Mbula alikuwa mmojawapo, alicheka mpaka akashika tumbo.

Asubuhi moja mbuzi mmoja akakohoa. Ndila alidhani ni vumbi. Daktari wa mifugo alipofika, waliokuwa wakikohoa hawakuhesabika tena. Alisema ni homa ya mapafu, inapita kwa pumzi, na hapa pumzi zilikuwa zimebanana. Ndila aliishika mizoga miguu akaivuta mpaka shimoni, lesso imefungwa mdomoni, kila siku, mpaka hakukuwa na wa kuvuta. Kutoka juu shimo lilionekana manjano.

Mkopeshaji hakubishana. Hakuna mbuzi, hakuna mkopo. Muthama alilia machozi ya kweli, akapiga picha za ripoti, na mwaka wa mradi ulipoisha akahamishiwa kwingine. Nafasi ya Kavindu chuoni akapewa mtu mwingine. Sasa Kavindu yuko mbali, Matiliku, anaosha sahani katika hoteli ya mtu, na akipiga simu humwambia mama yake kwamba kazi si mbaya. Ndila humjibu kwamba anafurahi kusikia hivyo. Wote wawili wanajua.

Zamani aliyepotelewa na mbuzi nyumbani angewaendea marafiki, aanze upya na wake walio kwao. Ndila aliwahi kwenda mpaka dukani kwa Kusow. Abdiya alimkaribisha kwa uso mzuri, akamuuliza amletee nini. Ndila alisema amepitia tu kununua chumvi. Akanunua, akarudi.

Kanisani nako, Kasyoki, aliyepoteza mbuzi wote aliorithi kwa mama yake, alimsubiri mlangoni. "Mwalimu, leo unatufundisha nini?" Wengine wakacheka, kisha hakuna aliyecheka. Tangu hapo Ndila anasali nyumbani.

Mbula sasa yuko kidato cha tatu. Likizo hii mama yake alimtuma na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukoboa na kunde, akamkuta Ndila anaziba kwa miiba pengo la boma ambalo ndani yake hakuna hata kinyesi kibichi. Akataka kumsaidia. Ndila akamwambia akae kwanza, asiongee amesimama.

"Wewe uliwahi kuniuliza mbona mbuzi wetu hawalali kwetu," akasema.

Mbula alikuwa amesahau kabisa.

"Mbuzi wangu akilala kwa Mwau, akizaa, Mwau lazima aje aniambie. Akilala kwa Kusow, Kusow lazima aje. Walikuwa wanalala kwa watu ndio watu wafike hapa." Alitupa mwiba chini. "Sasa angalia hiyo njia. Imeota nyasi."